Je, Masai Ujiri alikosea kuwaachia Siakam na Anunoby?

SWALI: Mwalimu, mimi na binamu yangu tumekuwa mashabiki wa klabu ya mpira wa kikapu ya Toronto Raptors tangu tulipojua kwamba rais wa klabu hiyo, Masai Ujiri, mama yake ni Mkenya mwenzetu. Tangu aondoke Toronto mwaka 2025 hatusikilizani. Binamu anashikilia kwamba Ujiri aliibomoa timu: alimpeleka OG Anunoby New York na Pascal Siakam Indiana, kisha Siakam akafika fainali huku Toronto ikishindwa hata kuingia mchujo. Mimi nasema aliyeleta ubingwa wa 2019 anajua anachokifanya, na tungekuwa na subira. Nani kati yetu yuko sahihi, na kiongozi wa timu inayojengwa upya hupimwa kwa nini hasa?

JIBU: Ndugu yangu, wewe na binamu yako mnabishana kwa ushahidi ambao hautoshi kutoa hukumu. Yeye anampima Ujiri kwa yaliyowapata wachezaji baada ya kuondoka, yaani anayachukua matokeo ya 2025 na kuyarudisha nyuma hadi Januari 2024, wakati ambapo hakuna aliyeweza kuyaona. Wewe unampima kwa kombe la 2019, ambalo ni la kweli na halifutiki, lakini halikuweza kumfungia mtu kikapu hata kimoja mwaka 2023. Kiongozi wa timu hupimwa kwa kuangalia alichokuwa nacho mkononi siku aliyoamua, njia nyingine zilizokuwa wazi siku hiyo, na kama maamuzi yake ya kipindi hicho yalielekea upande mmoja. Nikimpima Ujiri kwa namna hiyo, naona kwamba mabadilishano mnayobishania yalikuwa mazuri kuliko binamu yako anavyodai, na kwamba kosa kubwa lilifanyika karibu miezi kumi na moja kabla yake, siku ambayo mashabiki wengi hawaikumbuki.

Tuanze na jinsi soko lenyewe linavyofanya kazi, maana mtu aliyezoea soka ya Ulaya huingia katika NBA, ligi ya kikapu ya Amerika Kaskazini, na mizani isiyofaa. Katika soka klabu hulipa ada ya uhamisho, na muuzaji huzitumia fedha hizo apendavyo. Katika NBA klabu hubadilishana mikataba kwa mikataba, na nyongeza inayotolewa aghalabu ni zamu za drafti, yaani haki ya kuchagua chipukizi katika uteuzi wa kila mwaka, na zinazogombewa hasa ni zamu za duru ya kwanza. Mishahara ya timu nzima nayo imewekewa ukomo. Timu iliyokwisha kuvuka ukomo huo inaruhusiwa kumwongezea mkataba mchezaji wake yenyewe, lakini mchezaji huyo akiondoka hairuhusiwi kuzichukua fedha zilezile na kumsajili mtu wa nje wa kiwango chake. Kwa hiyo nyota anapomaliza mkataba na kwenda zake, klabu humpoteza yeye pamoja na nafasi ya mshahara wake, na haipati chochote. Toronto walikwisha kuonja uchungu huo. Julai 2019, wiki chache tu baada ya ubingwa, Kawhi Leonard alikwenda Los Angeles Clippers bure, na mwaka uliofuata Serge Ibaka na Marc Gasol nao wakaondoka bila Toronto kupokea mchezaji wala zamu.

Kutokana na utaratibu huo, bei ya mchezaji haitokani na uwezo wake peke yake, bali na uwezo huo pamoja na misimu iliyobaki katika mkataba wake. Ni kama samaki kwenye mnada wa ufukweni: changu yuleyule aliyegombewa alfajiri ana bei nyingine jua likishapanda, na mnunuzi anayejua kwamba huna barafu haoni sababu ya kuharakisha. Mchezaji aliyebakiwa na miaka miwili au mitatu humpa mnunuzi utulivu wa kupanga. Aliyebakiwa na miezi sita humpa wasiwasi, kwa sababu huenda akacheza hadi Juni kisha akachukua mizigo yake. Hili ndilo jambo ambalo ningependa mlishike kabla ya kuendelea, kwa kuwa hukumu yangu yote juu ya Ujiri imesimama juu yake.

Sasa tuyaangalie mabadilishano yenyewe. Tarehe 30 Desemba 2023 Ujiri alimpeleka Anunoby New York Knicks, pamoja na Precious Achiuwa na Malachi Flynn, akapokea Immanuel Quickley, RJ Barrett na zamu moja ya duru ya pili. Tarehe 17 Januari 2024 Siakam alikwenda Indiana Pacers, na kilichokuja Toronto kilikuwa Bruce Brown, Jordan Nwora, Kira Lewis na zamu tatu za duru ya kwanza, mbili za mwaka 2024 na moja ya 2026. Anunoby alikuwa na haki ya kujitoa katika mkataba wake katikati ya 2024, na mkataba wa Siakam ulikuwa unakwisha wakati huohuo. Kwa hesabu ya mnunuzi, kila mmoja wao alikuwa amebakiwa na nusu msimu.

Kwa nusu msimu, malipo hayo si ya aibu hata kidogo. Scottie Barnes, ambaye Toronto walikwisha kuamua kwamba timu itajengwa kumzunguka, alikuwa na umri wa miaka 22. Barrett, mzaliwa wa Toronto, alikuwa na miaka 23 na Quickley 24, ilhali Siakam alikuwa anakaribia 30. Upande huo wa hesabu unakubalika. Nisichokubaliana nacho ni kilichofuata: Quickley naye alikuwa amebakiwa na nusu msimu katika mkataba wake wa kwanza, na katikati ya 2024 klabu ikampa mkataba wa miaka mitano ulioripotiwa kufikia dola milioni 175, ingawa kanuni ziliipa Toronto haki ya kubaki naye kwa kulipa sawa na ofa yoyote ambayo klabu nyingine ingemletea. Aliyekuwa na haki hiyo hakuwa na haja ya kupandisha bei kabla ya mshindani kutokea. Msimu uliofuata majeraha yalimfanya acheze mechi 33 tu, lakini hilo silihesabu kuwa kosa la Ujiri. Ninalohesabu ni bei iliyotolewa siku ya kutia saini.

Ili mwone jinsi muda unavyokula bei, linganisheni na jambo walilofanya Knicks haohao Juni 2024. Walimchukua Mikal Bridges kutoka Brooklyn Nets kwa zamu tano za duru ya kwanza, nne kati yake zikiwa hazina kinga yoyote, yaani sharti la aliyeitoa kubaki na zamu ikiangukia nafasi za juu, pamoja na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2028, yaani kuchukua iliyo bora kati ya zamu za klabu hizo mbili. Bridges na Anunoby ni wachezaji wa aina moja: wachezaji wa pembeni warefu wenye ulinzi mkali, wanaofunga vikapu vya pointi tatu bila kuhitaji kushika mpira muda mrefu. Wapo wanaompendelea mmoja na wapo wanaompendelea mwingine, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba tofauti yao ya kiwango ni sawa na zamu tano za duru ya kwanza. Tofauti iliyokuwa wazi ni kwamba Bridges alikuwa amebakiwa na misimu miwili katika mkataba wenye mshahara nafuu. Mnunuzi alikuwa yuleyule, katika mwaka uleule, na alihitaji mchezaji wa aina ileile. Ila muuzaji mmoja alifika sokoni mapema na mwingine alichelewa.

Kuhusu Siakam, binamu yako anasema Toronto haikupata kitu. Hapo tufuatilie kila kilichopokelewa kilikwenda wapi, kwa sababu hesabu ya NBA haifungwi siku ya mabadilishano. Zamu ya kwanza ya 2024 iliangukia nafasi ya 19, na Toronto wakamchagua Ja'Kobe Walter. Zamu ya pili, iliyokuja kuangukia nafasi ya 29, ilitolewa kwa Utah Jazz mwezi mmoja tu baadaye pamoja na Kira Lewis na Otto Porter, ili kuwapata Kelly Olynyk na Ochai Agbaji. Brown, ambaye mashabiki wengi walimwona kama mzigo, ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini. Mkataba wake ulikuwa na mwaka wa pili ambao klabu ingeweza kuukataa. Toronto wakaukubali, wakabeba mshahara wa dola milioni 23 wa mchezaji ambaye hawakumhitaji sana uwanjani na ambaye baadaye alifanyiwa upasuaji wa goti. Watu walicheka. Lakini Februari 2025 Ujiri alipotaka kumchukua Brandon Ingram kutoka New Orleans Pelicans, aliyekuwa analipwa dola milioni 36, kanuni zilimtaka apeleke mishahara inayokaribiana na hiyo. Milioni 23 za Brown ukijumlisha na milioni 12.8 za Olynyk unapata 35.8. Mkataba ule uliochekwa ulikuwa umewekwa kabatini makusudi. Juu yake aliongeza zamu ya duru ya pili na ile zamu ya Indiana ya 2026.

Kwa hiyo siku Ujiri alipoondoka Toronto, mwishoni mwa Juni 2025, Siakam alikuwa amegeuka kuwa Ingram, Walter na Agbaji. Mtu anaweza kusema kwamba watatu hao hawamfikii Siakam, na mimi sitambishia sana, hasa baada ya fainali ya Kanda ya Mashariki ya mwaka huo ambamo Indiana ya Siakam iliitoa New York ya Anunoby, na Siakam akatajwa kuwa mchezaji bora wa mfululizo huo. Kwa shabiki wa Toronto huo ulikuwa mtihani wa imani. Lakini swali la Januari 2024 halikuwa kuchagua kati ya Siakam wa fainali na watu hao watatu. Lilikuwa kuchagua kati ya kupokea kitu na kuhatarisha kumpoteza bure, au kumpa mkataba wa thamani aliyoipata Indiana, takriban dola milioni 189 kwa miaka minne, akiwa katika timu iliyokuwa inapoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda na ambayo nyota wake mdogo hakuwa bado na umri wa kushindania ubingwa. Nadhani viongozi wengi wenye busara wangefanya kama alivyofanya, na Indiana wakanufaika kwa sababu walikuwa na nyota wao Tyrese Haliburton tayari, jambo ambalo Toronto hawakuwa nalo.

Kosa ninalolizungumzia ni la Februari 2023. Turudi siku hizo za mwisho za dirisha la mabadilishano. Toronto walikuwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Mikononi walikuwa na Siakam na Anunoby, kila mmoja akiwa amebakiwa na msimu mmoja na nusu kabla ya kuwa huru au kuweza kujitoa. Walikuwa pia na Fred VanVleet na Gary Trent, ambao wote wangeweza kujitoa katika mikataba yao miezi michache tu baadaye. Klabu nusu ya ligi zilikuwa zinatafuta wachezaji wa aina hiyo. Miezi saba kabla yake, Minnesota Timberwolves walikuwa wametoa zamu nne za duru ya kwanza na kundi la wachezaji ili kumpata Rudy Gobert, na Atlanta Hawks walikuwa wametoa zamu tatu kwa ajili ya Dejounte Murray. Soko halijapata kuwa na njaa kama ile.

Ujiri hakuuza mtu. Badala yake alinunua: alimrudisha Jakob Poeltl kutoka San Antonio Spurs kwa zamu ya duru ya kwanza ya 2024, iliyokuwa na kinga kama ingeangukia kati ya nafasi ya 1 na ya 6, pamoja na zamu mbili za duru ya pili. Poeltl ni senta mzuri, mwenye akili ya mchezo, na timu ilicheza vizuri zaidi baada ya kuja kwake. Ila mkataba wake mwenyewe ulikuwa unakwisha mwaka huohuo, hivyo Toronto wakalazimika kumpa karibu dola milioni 80 kwa miaka minne ili wasiwe wamenunua miezi michache. Kwa maneno mengine, timu iliyokuwa na wachezaji wanne ambao muda wao ulikuwa unayoyoma iliongeza wa tano, tena kwa kutoa mali ya siku za mbele.

Matokeo ya uwanjani siyatumii kama hukumu, lakini yanasaidia kuona kilichokuwa kinanunuliwa. Toronto walimaliza na ushindi 41 na vipigo 41, wakapata nafasi katika mechi ya kuwania kuingia mchujo, na tarehe 12 Aprili 2023 wakafungwa nyumbani na Chicago Bulls kwa 109 kwa 105 baada ya kukosa mitupo huru 18 kati ya 36. Binti mdogo wa DeMar DeRozan, mchezaji wa Chicago wakati huo, alikuwa ukumbini akipiga mayowe kila mchezaji wa Toronto alipojiandaa kurusha, na DeRozan huyo ndiye Ujiri aliyemtoa mwaka 2018 ili kumpata Leonard. Mwaka 2021 Ujiri mwenyewe alikuwa amewashangaa hadharani wale waliotaka timu yake ihangaikie mechi za aina hiyo, akisema Toronto hucheza kwa ajili ya ubingwa. Miaka miwili baadaye alitoa zamu ya duru ya kwanza na kuishia humo humo.

Kisha gharama zikaanza kudaiwa moja baada ya nyingine. VanVleet alikwenda Houston Rockets kwa mkataba wa karibu dola milioni 130 kwa miaka mitatu, na Toronto hawakupata chochote. Kwa kanuni nilizozieleza hapo juu hawakuweza kuzitumia fedha hizo kwa mtu wa kiwango chake, wakamchukua Dennis Schröder kwa nafasi ndogo ya mshahara na kumwondoa kabla msimu haujaisha. Siakam na Anunoby wakaondoka wakiwa na nusu msimu badala ya msimu mmoja na nusu. Na ile zamu ya Poeltl ikawa mkasa wa peke yake: Toronto walimaliza msimu wa 2023-24 wakiwa na ushindi 25 na vipigo 57, vikiwemo vipigo 15 mfululizo, wakaingia katika bahati nasibu ya drafti, inayopanga nani achague mapema, wakiwa na rekodi ya sita kwa ubaya, na mipira ya bahati nasibu ilipotolewa wakateremka hadi nafasi ya 8, nje ya kinga. San Antonio wakaichukua. Bahati mbaya, ndiyo, lakini nafasi ya bahati mbaya hiyo ilikuwa imeandikwa katika mkataba wa Februari 2023. Ikumbukwe pia kwamba mwaka mmoja kabla, Februari 2022, San Antonio haohao walikuwa wamepewa zamu nyingine ya duru ya kwanza ili Toronto wampate Thaddeus Young. Timu ambayo haikuwa karibu na ubingwa ilitoa zamu mbili ndani ya miezi kumi na miwili kwa ajili ya wachezaji wa kusaidia.

Hapa ndipo ninapoiona ajabu ya Ujiri, maana kanuni hii ya muda na bei hakuna aliyeitumia vizuri kuliko yeye alipokuwa mnunuzi. Mwaka 2018 alimpata Leonard, mmoja wa wachezaji bora duniani, kwa DeRozan, Poeltl na zamu moja yenye kinga, kwa sababu San Antonio walikuwa wamechelewa: Leonard alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja, alikuwa ametoka kwenye jeraha, na kila mtu alijua kwamba anataka kuondoka. Ujiri alinunua saa ya jua kali na akachukua ubingwa. Alipokuwa muuzaji mapema katika kazi yake huko Toronto pia aliwahi: Julai 2013, wiki chache tu baada ya kuanza kazi, alimpeleka Andrea Bargnani New York akiwa bado na misimu miwili ya mkataba, na akapata zamu ya duru ya kwanza ya 2016 kwa mchezaji ambaye mashabiki wa Toronto walikuwa wamemchoka. Zamu hiyo ndiyo iliyomleta Poeltl mara ya kwanza, katika nafasi ya 9. Ingekuwa nafasi ya 7 kama Denver Nuggets wasingekuwa na haki ya kubadilishana zamu na New York, haki ambayo Ujiri mwenyewe ndiye aliyewapatia alipokuwa akiiongoza Denver, katika mabadilishano ya Carmelo Anthony ya Februari 2011. Denver wakamchagua Jamal Murray.

Mabadilishano hayo ya Anthony, kwa maoni yangu, huenda yalimfundisha somo lisilo la jumla. Anthony naye alikuwa amebakiwa na miezi michache, na bado Denver walilipwa vizuri sana. Lakini Anthony alikuwa tayari kutia saini ya mkataba mpya palepale, hivyo New York hawakununua miezi michache, walinunua miaka. Siakam na Anunoby hawakuwa wamefungamana na mtu kwa namna hiyo Toronto ilipowatoa. Kiongozi aliyewahi kusubiri hadi dakika ya mwisho na akashinda huwa vigumu kumshawishi kwamba kusubiri kuna gharama.

Haki inanitaka nieleze pia kwa nini alisubiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kuzubaa. Mwaka mmoja kabla ya Februari 2023 timu ileile ilikuwa imeshinda mechi 48. Siakam alikuwa amechaguliwa katika kikosi bora cha tatu cha ligi mwaka 2022. Wachezaji hao aliwakuza mwenyewe: Siakam, kijana wa Cameroon, alichaguliwa wa 27 mwaka 2016, VanVleet hakuchaguliwa kabisa mwaka huohuo, na Anunoby alikuwa wa 23 mwaka 2017. Kuwatawanya watu wa namna hiyo ni kukiri kwamba kizazi cha ubingwa kimekwisha, na kukiri huko ni kugumu zaidi kwa aliyekizaa kuliko kwa mgeni anayeajiriwa kuja kufagia. Naweza kuelewa hali hiyo bila kuigeuza kuwa udhuru. Klabu humlipa rais wake mshahara mkubwa ili mtu mmoja ndani ya jengo aweze kutazama mbele wakati wengine wote wanatazama mechi ya kesho.

Mnaweza kuniuliza kama kuna aliyewahi kufanya vinginevyo. Sam Presti, meneja mkuu wa Oklahoma City Thunder, ndiye mfano unaotajwa kila mara, na nitautaja kwa sababu unaanzia Toronto. Leonard alipoondoka bure Julai 2019, aliwataka Clippers wamlete Paul George acheze naye. George alikuwa amebakiwa na misimu miwili ya uhakika, na mnunuzi alikuwa hana pa kukimbilia, hivyo Presti akapokea Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, zamu tano za duru ya kwanza na haki mbili za kubadilishana zamu. Moja ya zamu hizo ilimleta Jalen Williams mwaka 2022. Kisha kwa misimu miwili Oklahoma City walikubali kufungwa bila kuona haya, ushindi 22 katika mechi 72 na ushindi 24 katika mechi 82, wala hawakutoa zamu ili kupata senta wa kuwafikisha ushindi 41. Mwaka 2025 walichukua ubingwa kwa kuifunga Indiana ya Siakam katika mechi saba. Presti alikuwa na bahati kubwa, sikatai, maana hakuna kiongozi anayeweza kupanga kumpata Gilgeous-Alexander kama nyongeza. Ninachokisifu ni kwamba baada ya bahati hiyo maamuzi yake yote yalitazama upande mmoja, jambo ambalo Toronto ya 2021 hadi 2023 haikulifanya.

Katika drafti, Ujiri anastahili sifa bila masharti kwa Barnes. Mwaka 2021, baada ya msimu ambao timu ililazimika kuhamia Tampa kwa sababu ya korona, Toronto walipata nafasi ya 4, na wachambuzi wengi walitarajia wamchukue Jalen Suggs. Wakamchagua Barnes, akawa mchezaji bora chipukizi wa mwaka 2022 na akaitwa katika mechi ya nyota mwaka 2024. Uamuzi mmoja wa namna hiyo hufunika makosa mengi. Wengine waliofuata, Gradey Dick wa 13 mwaka 2023, Walter, na Collin Murray-Boyles wa 9 mwaka 2025, ni mapema kuwaandikia hukumu, na kwa vijana wa umri huo ni kawaida yangu kusubiri hadi mkataba wao wa kwanza ukaribie kuisha.

Linabaki jambo la Ingram, ambalo ndilo tendo lake kubwa la mwisho. Alimnunua kwa mtindo wake wa zamani: mchezaji mwenye kipaji, mgonjwa wa kifundo cha mguu, aliyebakiwa na miezi michache, katika klabu iliyokuwa haitaki kumlipa. Bei ilikuwa nafuu, na papo hapo akampa mkataba mpya wa miaka mitatu wa dola milioni 120. Kama ununuzi, naupenda. Kama sehemu ya ujenzi upya, nina shaka nao, kwa sababu Ingram, Barnes na Barrett wote hupenda kushika mpira katika maeneo yaleyale ya uwanja, na kwa sababu timu iliyoshinda mechi 30 msimu huo ilikuwa imeanza tena kulipia uzoefu kwa zamu za siku za mbele. Nasema ni shaka tu, maana tofauti na Februari 2023, safari hii alitoa zamu ya klabu nyingine badala ya ile ya Toronto yenyewe, na hilo ni jambo kubwa: zamu yako mwenyewe hupanda thamani kadiri unavyofungwa, ya mwenzako haikuhusu.

Najua pia kwamba kwetu Ujiri hapimwi kwa mechi peke yake. Viwanja ambavyo shirika lake, Giants of Africa, limejenga barani na matamasha ya Kigali vimewafikia watoto ambao hawajui kama kuna zamu za duru ya kwanza. Mapenzi hayo ni halali kabisa, ila yawekwe kando unapobishana na binamu yako, maana naye anaweza kukubali kila kitu kuhusu Kigali na bado akawa na hoja kuhusu Toronto.

Kwa hiyo ubishi wenu uhamishieni Februari 2023, na binamu yako aache kutumia fainali ya 2025 kama shahidi. Wewe nawe ukitaka kumtetea Ujiri, tetea bei aliyomnunulia Leonard, uteuzi wa Barnes na ule mkataba wa Brown uliochekwa. Halafu mtazame pamoja anachokifanya Bobby Webster, meneja mkuu aliyebaki klabuni, kuhusu Ingram. Mwaka wa tatu wa mkataba ule ni wa hiari ya mchezaji, yaani anaweza kuwa huru katikati ya 2027. Atakayesubiri hadi Februari 2027 ndipo aulize bei yake atakuwa anauza nusu msimu.